Pongezi kwa Daktari Aliyekataa Kutia Saini Uongo

Anatoly Koryagin, daktari wa magonjwa ya akili wa Kharkiv, anastahili pongezi za taaluma nzima. Katika Muungano wa Kisovieti, mpinzani wa serikali aliweza kubandikwa "skizofrenia ya polepole", maradhi ambayo hata hamu ya kurekebisha jamii ilihesabiwa kuwa dalili yake, kisha akafungiwa hospitali na kudungwa dawa kali. Koryagin aliwapima watu wa namna hiyo, akawakuta wazima, akaandika hivyo. Tayari mwaka 1972 Semyon Gluzman, daktari wa akili wa Kiev, alikuwa amehukumiwa miaka 7 ya kambi baada ya kuandika kwamba mpinzani wa serikali, Jenerali Pyotr Grigorenko, ana akili timamu. Hatari, basi, haikuwa siri. Koryagin alikamatwa Februari 1981, akapewa miaka 7 ya kifungo na 5 ya uhamisho.

Wapo watakaosema daktari ashughulike na wagonjwa, siasa awaachie wenyewe. Lakini Koryagin alifanya nini zaidi ya udaktari? Alimsikiliza mtu, akampima, akaandika alichokiona. Siasa iliingizwa wodini na waliotia saini vyeti vya uongo, na hao hawakuulizwa kitu. Wengine watadai alijitesa bure. Hapana: mwaka 1983 chama cha Kisovieti cha madaktari wa akili kilijitoa katika chama cha dunia kabla ya kufukuzwa kwa sababu ya uonevu huo, na Koryagin, akiwa bado mfungwa, akafanywa mwanachama wa heshima wa chama hicho cha dunia. Aliachiwa huru mwaka 1987.