Goti si Kisigino: Uhakiki wa Istilahi za Miguu ya Wanyama wa Kazi

Mkulima wa Kasulo, wilayani Ngara, anayechagua ndama dume ili baadaye awe maksai wa kuvuta plau, hutazama miguu kabla ya pembe. Kijitabu cha ufugaji kinachomweleza habari za miguu hakina budi, basi, kutumia istilahi zisizompotosha. Kwa bahati mbaya, katika tafsiri zetu aghalabu mambo si hivyo.

Chanzo chake si kigumu kukiona. Kasoro za miguu zimechambuliwa kwa kina katika vitabu vya farasi, hasa wa mbio na wa kuruka viunzi. Farasi hakuzoeleka Ngara wala Biharamulo, ambako ndorobo, mwenezaji wa nagana, amekuwa adui wa mifugo kwa miaka mingi. Mfasiri hupokea msamiati wa mnyama asiyemjua, akautia majina ya viungo vya mwanadamu kwa kufuata sura tu.

Mfano wa kwanza ni ‘goti la nyuma’. Kiungo kinachochomoza katikati ya mguu wa nyuma wa farasi au ng’ombe si goti. Kwa mpangilio wa mifupa, hicho ni kifundo pamoja na kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Kweli, hata kile tukiitacho goti la mguu wa mbele hulingana na kifundo cha mkono wa binadamu. Lakini jina hilo limekwisha kuzoeleka, wala halimkanganyi mtu. La nyuma lakanganya, kwa kuwa mguu huohuo una goti jingine la kweli. Napendekeza ‘kisigino’.

Mfano wa pili ni ‘matege’. Matege ni miguu iliyopinda kwa nje, magoti yakaachana. Wafasiri wengine huyaita matege hata magoti yanayogongana, hata kwato zinazotazama kando. Tofauti hizi si za maneno matupu. Mtoto wa farasi ambaye magoti yake yameelekeana kidogo mara nyingi hunyooka akikua. Kwato zikitazama nje, mnyama huuzungusha mguu kwa ndani atembeapo, na aweza kujigonga. Zikitazama ndani, huutupa mguu nje. Goti lililobonyea nyuma huelemewa na kazi kuliko lililojitokeza mbele kidogo. Asomaye ‘matege’ peke yake aweza kumchinja ndama ambaye angenyooka, au kumfunga nira yule ambaye miguu itamshinda.

Kwa hiyo ‘matege’ libaki na maana yake ya asili. Kasoro nyingine ziitwe ‘magoti ya kugongana’, ‘kwato za nje’, ‘kwato za ndani’ na ‘goti la kubonyea’. Majina haya ni marefu kidogo, lakini hayadanganyi.

Tena, utaratibu wetu wa kuunda istilahi watutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha zetu nyingine za Kibantu, ndipo tuende mbali. Wahangaza na Washubi wamefuga ng’ombe vizazi vingi. Yafaa afisa wa istilahi aende zizini Kasulo, aonyeshe kiungo kwa kidole, aulize jina lake, na aandike atakalojibiwa, kabla kijitabu kingine hakijapelekwa mtamboni.