Nyatiti Iliyoingia Ndani ya Gitaa

Days of Future Passed, albamu ya The Moody Blues wa Uingereza ya mwaka 1967, husifiwa kwa kuunganisha roki na okestra. Ukiisikiliza kwa makini, utaona viwili hivyo hukutana kwa nadra. Bendi inapiga wimbo wake, kisha okestra inaingia na muziki uliopangwa na Peter Knight, ikituvusha hadi wimbo unaofuata. Sauti nyingi za nyuzi tunazozisikia waimbaji wakiimba hutoka kwenye melotroni ya Mike Pinder, kinanda kinachotoa sauti zilizonaswa kwenye tepu. Ni kazi nzuri mno, ila naiita ujirani mwema. Ndoa yenyewe ilifungwa huku kwetu, kwenye benga, muziki wa dansi wa Waluo. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, aliitia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ndani ya gitaa. Mpiga nyatiti ni bendi ya mtu mmoja: vidole vinadonoa nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala, njuga zinalia mguuni, na mdomo unaimba. Bendi yake, Shirati Jazz, iligawana kazi hiyo. Gitaa la solo likadonoa noti moja moja kwa kasi, likimjibu mwimbaji kila amalizapo mstari. Besi ikarukaruka badala ya kukaa nyuma kwa adabu. Ngoma zikashika mdundo usioyumba, kama ile pete.

Kuna watakaosema benga ni ya kucheza tu, haina safari wala vituo kama roki ya akina Moody Blues. Sikubali. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na mara nyingi wimbo mmoja ulizijaza zote: kwanza masimulizi, kisha waimbaji wananyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja, yakisukana hadi mwisho. Huo ni mpango, tena wa makusudi. Hoja nzito zaidi ni kwamba kuna kilichopotea, na hapo nakiri. Orutu, ala nyingine ya Waluo yenye uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, huteleza baina ya noti na noti kama mtu anayelia. Shingo ya gitaa iliyogawanywa kwa vyuma haifiki huko kwa urahisi. Hata hivyo, nyatiti ilihama na viungo vyake vyote. Mwenye shaka aitafute albamu ya Misiani, Benga Blast!, ya mwaka 1989, aufuate wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, akiisikiliza besi peke yake.