Ufundi wa Kuchora Soko

Wakili wa kesi za ushindani huanza kazi kabla kifungu chochote cha sheria hakijatajwa: kwanza lazima aonyeshe soko linaanzia wapi na linakomea wapi. Nani humuuzia nani, bidhaa ipi yashika nafasi ya ipi, na aliyechoshwa na bei ana pengine pa kwenda? Mashauri mengi huamuliwa hapo.

Kisiwa cha Mafia ni shule nzuri ya ufundi huo. Wakati wa bamvua, maji yakishatoka mwambani, watu wa kisiwa kidogo cha Jibondo huchokoa pweza. Anayehesabu majina ya wanunuzi wa wilaya nzima ataridhika kwamba ushindani upo. Lakini pweza hangoji. Bila barafu huharibika mapema, na mashua ya kumfikisha mjini Kilindoni yataka upepo au mafuta. Isitoshe, mvuvi aliyekopeshwa na tajiri wake ameshauza kabla hajaingia majini. Kwa hiyo wakili mzoefu huuliza barafu ni ya nani, deni likoje, mashua huondoka saa ngapi, na nani aliwahi kumkatalia tajiri wake na ikawaje. Akishapata majibu, soko la wilaya laweza kubaki ufuko mmoja na mnunuzi mmoja. Haya hayamo kwenye orodha ya leseni.

Mawakili wa Tanzania walioanza kazi miaka ya 1970 walikuta bei ni amri. Sheria ya Kudhibiti Bei ilitungwa mwaka 1973, na mwaka 1983 walanguzi waliwindwa kama wahujumu uchumi. Ikaja sheria ya mwaka 1994 ya kulinda ushindani, kisha Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Watu waliozoea kumtetea mfanyabiashara dhidi ya mpangaji bei wa serikali ikawabidi wajifunze, wakiwa watu wazima, kwamba mfanyabiashara mwenyewe naye aweza kulifunga soko.

Mojawapo ya hukumu za kujifunzia ni ile ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 1978 kuhusu ndizi za kampuni ya United Brands. Kampuni ilidai kuwa ndizi hushindana na matunda mengine yote mabichi. Mahakama ikatazama walaji wenyewe: ndizi ni laini, haina mbegu, ni rahisi kushika, hupatikana mwaka mzima, na kwa hiyo huwafaa watoto wadogo, wazee na wagonjwa kwa namna ambayo tunda jingine haliwafai. Ikaamua kuwa ndizi ni soko lake peke yake. Hoja ya kesi kubwa ilitoka kwenye meno ya bibi kizee, na aliyeiona alikuwa amemtazama mtu akila.

Tanzania ina mfano wake katika saruji. Kampuni ya Scancem, yenye chapa ya Twiga, ilitaka kununua hisa nyingi za Tanga Cement, yenye chapa ya Simba. Tume ilikubali, lakini Septemba 2022 Baraza likabatilisha. Mwaka 2023 Tume ikaidhinisha upya. Wakati huo sheria ilimtazama kwa jicho kali anayevuka asilimia 35 ya soko, lakini asilimia 35 ya soko lipi? Saruji ni nzito na nauli hupandisha bei yake, hasa mfuko unapovuka bahari hadi Kilindoni. Mpaka ukichorwa vibaya, asilimia hiyo haina maana.

Siku hizi mpaka huo mara nyingi hunakiliwa kutoka jalada la zamani, ukavalishwa majedwali, ukawasilishwa. Kurasa zimeongezeka, maswali yamepungua. Wakubwa wa kazi hii wanastaafu mmoja mmoja, na hukumu walizoshinda zinaonyesha mpaka uliokubaliwa tu, si njia waliyopita kuufikia. Njia hiyo ilifundishwa kwa kufuatana, kijana akibeba mkoba wa mkubwa wake hadi gatini na sokoni kabla ukurasa wa kwanza haujaandikwa. Vijana wengi wa leo hawajapelekwa.