Jarida Likisema, Nani Abishe? Uhakiki wa Makala Moja ya Dawa za Mimea

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya na tenzi, lakini makala ya kisayansi tunaipokea kwa mikono miwili kama barua ya serikali. Hapa nataka kuhakiki makala moja ya aina hiyo, kwa sababu inahusu ugonjwa unaotusumbua huku Magara na mwambao wote hadi Rumonge: malaria.

Makala hiyo ilichapishwa mwaka 2019 katika Phytomedicine, jarida la kimataifa la dawa za mimea. Ilieleza jaribio lililofanywa mwaka 2015 katika jimbo la Maniema nchini Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, nyuma ya milima ya Kivu ya Kusini. Wagonjwa 957 waligawanywa: wengine walipewa dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini, wengine chai ya pakanga ya aina mbili, Artemisia annua na Artemisia afra. Baada ya siku 28, waandishi walidai, dawa mseto ilikuwa imefaulu kwa asilimia 34.3, chai ya annua asilimia 96.4, na chai ya afra asilimia 88.8.

Msomaji mwenye haraka hukimbilia 96.4, maana ndiyo habari njema. Mimi nasimama kwenye 34.3. Dawa mseto hiyo ndiyo Burundi iliyoichagua mwaka 2003 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na majaribio mengi ya Afrika yameikuta ikiponya zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi. Kama Maniema iliponya mmoja tu kati ya watatu, basi ama kulikuwa na usugu wa kutisha uliostahili kutangazwa dunia nzima, ama kulikuwa na kasoro katika vidonge, vipimo au madaftari. Halafu afra haina atemisinini, au inayo chembe tu. Imeishindaje dawa mseto? Maswali haya hayahitaji maabara, yanahitaji kusoma jedwali polepole. Wapitiaji wa makala walipaswa kuyamaliza kabla ya kuchapa. Watafiti wengine walikuja kuihoji baadaye, na mwishowe jarida lenyewe likaifuta makala.

Udhaifu huu si wa jarida moja. Evidence-Based Complementary and Alternative Medicine, lililotanguliza neno "ushahidi" katika jina lake, liliondolewa mwaka 2023 katika faharasa ya Web of Science. Jarida la fani moja likipitiwa na watu wanaotamani matokeo yaleyale, nani atabaki wa kubisha?

Najua nitaambiwa nadharau dawa za wazee. Hapana, nyumbani kwetu umuravumba hauko mbali na mlango. Tena atemisinini yenyewe imetoka katika tiba ya jadi ya China. Lakini Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo, hakukomea kusema wazee walisema. Dondoo lake lilifanya kazi mwaka 1971, baada ya kuacha joto kali na kutumia etha. (Wapenzi wa chai ya moto wangeanzia hapo kujiuliza.) Shirika la Afya Duniani nalo lilirudia mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya pakanga isiyotengenezwa kiwandani kutibu malaria.

Tatizo ni kwamba "limechapishwa" linavuka ziwa upesi, na "limefutwa" halipandi mtumbwi. Huku kwetu mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika kituo cha afya cha serikali tangu mwaka 2006, na bado nimesikia mama akishauriwa aanze na majani siku tatu kwanza, kwa kuwa "wazungu wameyathibitisha." Siku tatu za malaria kwa mtoto mdogo ni nyingi mno. Uthibitisho niliofunuliwa mimi ulikuwa fotokopi ya ukurasa wa kwanza wa makala ileile, imekunjwa mara nne, jina la jarida likisomeka vizuri juu. Ilitolewa kabla jarida halijapiga mhuri wa kuifuta.