Neno "Chanzo" katika Insha ya Historia

Miongoni mwa istilahi zitumikazo kufundishia historia kwa Kiswahili, ni chache zilizotwishwa mzigo mzito kama neno chanzo. Neno hili laeleza sababu iliyoleta tukio, na papo hapo laeleza kitu kinachotupatia habari za tukio hilo. Mwanafunzi akiulizwa, "Chambua vyanzo vya Vita vya Maji Maji", ana haki ya kuandika juu ya kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba. Mtahini aliyekusudia hati na simulizi atamnyima alama, ingawa kosa si la mwanafunzi bali ni la istilahi. Jambo hili limezidi uzito tangu mitaala iliyoboreshwa ya 2023 ilipoleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili.

Watafsiri wamejaribu kuondoa utata huo kwa kuongeza sifa: chanzo cha msingi, chanzo cha awali, chanzo asilia. Kwa maoni yetu, sifa hizo zimeleta utata mwingine. Msingi humfanya msomaji adhani kwamba habari hiyo ni ya kutegemewa kuliko nyingine. Asilia hudokeza kitu kisichochanganywa na chochote. Awali nayo hupima umri tu, kana kwamba karatasi iliyotangulia kuandikwa ndiyo iliyo karibu zaidi na tukio.

Tutazame mfano wa vita hivyo vya 1905 hadi 1907. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani vita vilipoanza, alichapisha kitabu chake Berlin mwaka 1909, na humo aliwalaumu zaidi waganga na dawa yao kuliko kilimo cha pamba cha lazima. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee, na kuandika kumbukumbu zao za pamba, viboko na maji. Tukifuata neno awali, kitabu cha gavana kitatangulia na mzee aliyeviona vita kwa macho yake atawekwa nyuma, kwa kuwa tu maneno yake yaliandikwa miaka zaidi ya sitini baada ya vita kuanza. Hivyo istilahi imekwisha kutoa hukumu kabla mwanafunzi hajashika kalamu.

Hali wote wawili walihusika. Gavana alikuwa na utawala wa kuutetea. Mzee alikuwa na kumbukumbu iliyopitiwa na miaka mingi, pamoja na uhuru wa 1961. Kazi ya insha ni kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, aliyajuaje, na anataka tuamini nini? Huo ndio uchambuzi. Kunakili asemayo kila mmoja ni muhtasari tu.

Kwa hiyo twatoa rai kwamba chanzo kibakie na maana ya sababu, na kwa maana ile nyingine tuazime lugha ya mahakama, ambayo wananchi wameizoea. Habari itokayo kwa aliyekuwamo katika jambo iitwe ushahidi wa mhusika, na maandishi ya mwanahistoria aliyekuja baadaye yaitwe maelezo ya mtafiti. Huenda ikasemwa kwamba kigae cha chungu au jembe la kale halitoi ushahidi kwa kinywa. Ni kweli, lakini mahakama ina neno kwa ajili ya vitu hivyo pia, nalo ni kielelezo.

Faida kubwa ya neno ushahidi ni kwamba halidai kuaminiwa. Kila mtu ajua kwamba shahidi huhojiwa, na kwamba ushahidi waweza kukataliwa. Mwalimu atakayeandika katika mtihani wake, "Pima ushahidi wa wahusika wafuatao", atakuwa amekwisha kumweleza mwanafunzi kazi inayomngoja.