Hongera kwa Mjumbe wa Sultana

Kazi ya mjumbe wa biashara husifiwa kidogo, kwa kuwa matunda yake huhesabiwa kwa jina la bidhaa. Itazame Zanzibar ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Mkataba wa 1833 uliwawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5, lakini karatasi haijengi imani. Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Said, alifika New York na meli Sultana, akiwa na karafuu, pembe za ndovu, tende na kahawa, pamoja na farasi wawili wa zawadi kwa Rais Van Buren. Katiba ilimzuia Rais kujichukulia zawadi za mfalme. Kuzikataa kungekuwa tusi. Zikapokewa kwa idhini ya Bunge, kisha zikauzwa, na Wamarekani wakaikarabati Sultana kwa gharama yao. Huo ndio ustadi: kila upande ulilinda heshima ya mwenzake bila kuvunja sheria zake.

Wapo watakaosema faida ndiyo iliyowavuta Wamarekani, na kwamba karafuu hizo zilichumwa na watumwa. Ni kweli, na adabu ya wakubwa haikuwafikia wachumaji hao. Lakini faida ileile iliwavuta Waingereza pia, wenye manowari nyingi zaidi, na bado wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, ndio waliotamba sokoni, merikani yao, kitambaa cha pamba, ikivaliwa hadi bara.