Utani wa Upande Mmoja: Fani na Maudhui katika Matangazo ya Kamari ya Kandanda

Tangazo la biashara lina fani na maudhui kama lilivyo shairi au tamthilia. Kwa hiyo halina budi kuhakikiwa. Machakos ni mahali panapofaa kuanzia. Tarehe 17 Desemba 2017, katika Uwanja wa Kenyatta mjini humo, Kenya iliishinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 2-2, katika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA. Msimu huo Ligi Kuu ya Kenya ilibeba jina la SportPesa, kampuni ya kamari. Shabiki aliyeitaja ligi kwa jina lake kamili aliitangaza kamari pia.

Fani ya matangazo haya huanza katika uteuzi wa maneno. "Kamari" ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo limebeba aibu na katazo la dini. Matangazo hulikwepa na kutumia "kubeti", neno geni lisilo na kumbukumbu hiyo. Jina la kampuni ya Betika limekwenda mbali zaidi. Sikio la Mswahili husikia humo kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka, kama katika "someka" na "vunjika". Asemaye "kikombe kimevunjika" hamtaji mvunjaji. Vivyo hivyo, jina hili ladokeza jambo linalowezekana, lisilo na mtendaji wa kulaumiwa.

Kisha huja kichekesho: shabiki anayemfokea refa aliye ndani ya runinga, kocha wa kijiweni, mlinda lango anayedaka hewa. Ufundi upo, na kicheko ni cha kweli. Hata hivyo, kinachochekwa ni kandanda. Aliyepoteza karo ya mwanawe hapandi jukwaani. Utani wa jadi una kanuni yake: atanaye hutaniwa. Kampuni hutania bila kutaniwa, na inayotaka kujisafishia jina hukimbilia kicheko kwa sababu acheka­ye hahoji.

Wachezaji nao wana lugha yao. Orodha ya mechi walizobashiri huiita "mkeka", na mechi moja ikienda kombo, "mkeka umechanika". Sitiari hii ni hai kuliko tangazo lolote, lakini kiambishi ni kile kile: mkeka umejichanikia. Wakenya husema pia kwamba timu "imewachoma". Hapo mtendaji amepatikana, ila ni timu. Kampuni imesalimika tena.

Mwezi Mei 2019 serikali ya Kenya ilitangaza kuyabana matangazo ya kamari, na mwezi Aprili 2025 ikayasimamisha kwa siku 30. Hatua hizo zilihusu saa, mahali na watu mashuhuri wanaotumiwa. Sarufi ya ushawishi haikuguswa. Kazi hiyo ni ya idara za lugha. Mwanafunzi anayefundishwa kauli ya kutendeka kwa mfano wa kikombe afundishwe pia kuuliza ni nani aliyeuchana mkeka.